Minyoo wa Mbuzi: Tibu Mbuzi, Usitibu Kalenda

Wafugaji wengi wana tarehe ya minyoo. Ikifika, chupa inafunguliwa, kundi zima linanyweshwa kipimo kilekile, mkubwa kwa mdogo, kisha mbuzi wanarudi machungani hadi tarehe nyingine. Kwa muda utaratibu huo huonekana unafaa. Halafu dawa inaanza kushindwa. Mbuzi wanakunywa lakini hawanenepi, vitoto vinakufa mvua zikikolea, na kila dawa mpya inayonunuliwa inadumu muda mfupi kuliko ile iliyotangulia. Hatua zilizo hapa chini ni za kuachana na kalenda hiyo na kuanza kumtazama mbuzi mmoja mmoja, pamoja na majani anayoyala.

Kwanza umjue unayepambana naye

Tunasema "minyoo wa tumbo" kana kwamba ni mnyoo mmoja. Wako wengi, na wanaumiza kwa njia tofauti. Anayeua mbuzi wengi kuliko wote katika nchi zenye joto na mvua ni Haemonchus contortus, mnyonya damu. Huyu haishi kwenye utumbo hasa. Makao yake ni tumbo la nne, mahali chakula kinapoanza kumeng'enywa kwa asidi. Jike ana urefu wa sentimita 2 hadi 3, na hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Kila mnyoo humpotezea mbuzi damu kiasi cha mililita 0.05 kwa siku. Ni tone dogo, lakini wakifika 1,000, mbuzi anapoteza mililita 50 kila siku, na minyoo 1,000 si wengi kwa mbuzi aliyezidiwa.

Wenzake ni Trichostrongylus, wanaokaa hasa kwenye utumbo mwembamba na kuleta kuhara na kukonda, na Oesophagostomum, wanaoacha vinundu kwenye utumbo mpana. Pia kuna tegu, ambao vipande vyao vyeupe mfano wa punje za wali huonekana kwenye kinyesi. Hao ndio wanaowatisha wafugaji zaidi kwa sababu wanaonekana kwa macho, ilhali madhara yao kwa kawaida ni madogo. Ukimwona mbuzi amedhoofu na kinyesi chake kina vipande vya tegu, usikimbilie kumlaumu tegu. Yawezekana anayemmaliza ni mnyonya damu, ambaye mayai yake hayaonekani bila hadubini.

Sasa fuatilia safari ya yai, maana karibu kila ushauri utakaofuata unatoka humo. Yai linatoka na kinyesi. Likipata joto na unyevu, buu anaanguliwa, anakua ndani ya kinyesi, na kwa siku 4 hadi 10 hivi anakuwa tayari kuambukiza. Hapo anatoka na kupanda jani akitumia utando mwembamba wa maji ya mvua au umande. Hafiki mbali: mabuu wengi hubaki kwenye sentimita 5 hadi 10 za chini. Mbuzi akilila jani hilo, buu anakomaa tumboni na kuanza kutaga baada ya wiki 3 hivi. Mayai hayageuki kuwa minyoo wakubwa ndani ya tumbo lilelile. Kila mnyoo aliyemo humo aliliwa na majani, mmoja mmoja.

Joto kali na ukavu huwaua mabuu kwenye majani. Hata hivyo mnyonya damu ana mbinu ya kuvuka kiangazi: mabuu walioliwa mwishoni mwa mvua wanaweza kusimamisha ukuaji wao ndani ya tumbo na kusubiri. Mvua zikikaribia wanakomaa kwa pamoja na kuanza kutaga. Ndiyo maana majani mapya ya mvua za kwanza yanachafuka upesi hivyo.

Hatua ya 1: Kagua kila mbuzi, kuanzia jichoni

Msimu wa mvua kagua kila baada ya wiki 2, na maambukizi yakiwa makali, kila wiki. Kiangazi, mara moja kwa mwezi inatosha.

Msimamishe mbuzi kwenye mwanga wa jua. Funika jicho kwa kope la juu ukitumia kidole gumba, bonyeza mboni taratibu irudi ndani kidogo, kisha vuta kope la chini kwa gumba la mkono mwingine. Ngozi laini ya ndani ya kope itajitokeza. Tazama rangi yake mara moja na uachie, kwa sababu ukishikilia muda mrefu rangi inabadilika. Tazama macho yote mawili, na yakitofautiana chukua lile jeupe zaidi.

Kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, inapanga rangi hizo katika ngazi 5: ya 1 ni nyekundu, ya 2 ni nyekundu inayoelekea waridi, ya 3 ni waridi, ya 4 ni waridi iliyopauka, ya 5 ni nyeupe. Tafuta kadi halisi na mtu wa kukufundisha kuitumia. Rangi iliyo kichwani mwako hubadilika, na ukizoea kuona macho yaliyopauka kila siku utaanza kudhani hayo ndiyo mazuri.

Jicho linaonyesha upungufu wa damu, halisemi umesababishwa na nini. Kupe wengi, viroboto, minyoo wa ini na magonjwa ya damu yanayoenezwa na kupe au mbung'o pia hulipausha. Kwa hiyo usiishie jichoni:

- Chini ya taya: uvimbe laini wa maji ni dalili ya damu iliyokwisha nguvu. Mara nyingi huonekana zaidi jioni mbuzi anaporudi malishoni na kupungua usiku. Mfugaji anayekagua asubuhi tu anaweza kuukosa.
- Mgongoni: pitisha kiganja juu ya uti wa mgongo, nyuma ya mbavu. Mifupa ikichoma kiganja, mbuzi amekonda, hata kama manyoya marefu yanaficha.
- Nyuma: kinyesi kilichogandamana kwenye mkia na mapaja ni alama ya kuhara.
- Manyoya na mwendo: manyoya yaliyosimama na kufifia, mbuzi anayebaki nyuma ya wenzake au kulala mapema.

Hapa pana kosa linalogharimu maisha ya mbuzi. Watu husubiri kuhara ndipo waamini ni minyoo. Mnyonya damu kwa kawaida haharishi. Mbuzi anaweza kuwa na kinyesi kizuri kabisa, punje kavu, na bado akafa kwa kukosa damu. Kwa upande mwingine, kitoto cha wiki 3 hadi miezi 5 kinachoharisha sana kinaweza kuwa na koksidia, vimelea wadogo sana wa utumbo. Hao si minyoo, na dawa za minyoo haziwagusi. Kukinywesha kitoto cha namna hiyo dawa ya minyoo mara ya pili na ya tatu ni kukipotezea muda kilionao.

Hatua ya 2: Peleka kinyesi kipimwe

Chukua kinyesi kibichi, ikiwezekana moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja kubwa kwa mkono wenye glovu. Gramu 3 hadi 5 kwa kila mbuzi zinatosha, yaani punje chache. Funga kwenye mfuko, toa hewa yote, andika namba ya mbuzi na tarehe, weka mahali pa baridi bila kugandisha, na ufikishe maabara ndani ya siku moja. Kikikaa kwenye joto mayai yanaanguliwa na hesabu inaharibika.

Majibu yatakuja kwa idadi ya mayai katika kila gramu ya kinyesi. Isome pamoja na ulichokiona kwenye macho na mgongo. Mayai ya mnyonya damu na ya Trichostrongylus yanafanana sana kwenye hadubini, kwa hiyo hesabu pekee haikutajii aina. Maabara inaweza kuotesha mabuu ili kuwatofautisha. Tena mabuu waliolala, na wale ambao bado wachanga, hawatagi. Mbuzi mwenye hesabu ndogo na macho meupe anastahili kutazamwa upya.

Hatua ya 3: Amua nani anywe na nani aachwe

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, kwa kuwa inaonekana kama uzembe kumwacha mbuzi mwenye minyoo bila dawa. Kwenye kundi lolote, minyoo hawagawanyiki sawasawa. Kwa kawaida mbuzi 20 hadi 30 kati ya 100 ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo wote na kuchafua malisho. Waliobaki wana wachache na wanavumilia.

Ukinywesha wote, minyoo pekee wanaosalia ni wale wasiouawa na dawa. Hao ndio watakaozaana, na kizazi kijacho chote kitakuwa sugu kama wao. Ukiwaacha mbuzi wenye afya bila dawa, minyoo wao ambao bado wanauawa na dawa wanaendelea kutaga, na mayai yao yanachanganyika na ya wale wachache sugu. Dawa yako inabaki na kazi ya kufanya kwa miaka mingi zaidi.

Mnyweshe mbuzi mwenye jicho la ngazi ya 4 au 5, mwenye uvimbe wa taya, na anayeharisha huku akikonda. Ngazi ya 3 ninawatibu vitoto, majike wenye mimba kubwa au wanaonyonyesha, na yeyote aliyedhoofu. Na kundi likiwa na wengi wa ngazi ya 4 na 5, watibu wa ngazi ya 3 wote. Wa 1 na 2 waachwe. Usiwe na huruma ya dawa kwa mbuzi mzima.

Hatua ya 4: Pima uzito, kisha kokotoa dozi

Kukadiria kwa macho ndiko chanzo kikubwa cha dozi pungufu, na dozi pungufu inawafundisha minyoo kuishi na dawa. Tumia mizani ya kuning'iniza, au utepe wa kupima kifua uliotengenezwa kwa ajili ya mbuzi.

Kisha soma chupa vizuri. Dawa yenye jina moja huuzwa kwa nguvu tofauti. Albendazoli ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika kila mililita. Ya asilimia 10 ina miligramu 100. Tuseme daktari wa mifugo ameagiza miligramu 10 kwa kila kilo, na mbuzi ana kilo 30. Anahitaji miligramu 300: mililita 12 za ile ya kwanza, au mililita 3 tu za ile ya pili. Aliyezoea "mililita 3 kwa kila mbuzi" akibadilishiwa chupa bila kusoma, anawapa mbuzi robo ya dozi.

Mwili wa mbuzi huitoa dawa upesi kuliko wa kondoo, kwa hiyo dozi ya kondoo iliyoandikwa kwenye lebo mara nyingi haimtoshi. Kwa dawa nyingi mbuzi huhitaji mara 1.5 hadi 2 ya dozi hiyo. Jambo hili usilifanye kwa kukisia. Levamisoli, kwa mfano, haina nafasi kubwa kati ya dozi inayotibu na inayodhuru. Ikizidi mbuzi hutetemeka na kutokwa na mate, na anaweza kufa. Albendazoli haifai kwa jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba. Muulize daktari wa mifugo dozi ya mbuzi kwa dawa uliyonayo mkononi, na siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja.

Unaponywesha, kichwa kikae usawa wa kawaida, kisiinuliwe juu, dawa isije ikaingia mapafuni. Pitisha bomba pembeni mwa mdomo hadi juu ya ulimi, nyuma kabisa, kisha sukuma taratibu. Dawa ikimiminwa mbele ya mdomo inaweza kupita njia ya maziwa na kuliruka tumbo kubwa, na hapo inapita mwilini haraka mno. Dawa za kumwaga mgongoni zilizotengenezwa kwa ng'ombe usizitumie kwa mbuzi.

Makundi makuu ya dawa ni matatu: la albendazoli na fenbendazoli, la levamisoli, na la ivermektini na moksidektini. Kubadilisha albendazoli kwa fenbendazoli si kubadilisha dawa. Minyoo waliozoea moja wamezoea na nyingine.

Hatua ya 5: Hakikisha dawa imefanya kazi

Chukua kinyesi cha mbuzi walewale, 10 au zaidi, siku ya kunywesha na tena baada ya siku 10 hadi 14. Kama wastani ulikuwa mayai 1,000 kwa gramu na sasa ni 200, mayai yamepungua kwa asilimia 80. Dawa inayofanya kazi vizuri inapaswa kuyapunguza kwa asilimia 95 au zaidi. Chini ya hapo, kwanza jiulize kama uzito na dozi vilikuwa sahihi. Vilikuwa sahihi, basi una minyoo sugu. Zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kutoa dawa za makundi mawili tofauti siku moja, kila moja kwa dozi yake kamili na bila kuzichanganya kwenye bomba moja.

Jicho halitarudi kuwa jekundu kesho yake. Damu inajengwa kwa wiki kadhaa, na mbuzi aliyepauka sana akikimbizwa au kutembezwa mbali anaweza kuanguka na kufa hata kama minyoo wameshatoka. Mweke karibu na banda, mpe chakula chenye protini, maji na kivuli.

Hatua ya 6: Panga malisho kwa kuhesabu siku za buu

Kwa maoni yangu hapa ndipo mfugaji anaposhinda vita au kushindwa. Kumbuka zile siku 4 hadi 10. Wakati wa joto na mvua, mbuzi wasikae kwenye kipande kimoja zaidi ya siku 3 au 4, ili waondoke kabla mabuu wa kinyesi chao hawajapanda majani. Kisha kipande kipumzike. Kwenye joto na unyevu mabuu hutumia akiba yao upesi, na wiki 5 hadi 6 huwapunguza sana. Kwenye ubaridi wanaishi miezi.

Mzunguko wa vipande vitatu, wiki moja kila kimoja, unavutia kwa sababu majani yanakuwa yamechipua vizuri unaporudi. Kwa minyoo ni mbaya kuliko kutozungusha kabisa: unawarudisha mbuzi wakati mabuu bado ni wengi.

Kama huna ardhi ya kugawa vipande, bado una mambo ya kufanya. Subiri umande ukauke ndipo uwatoe. Usiwaache wale majani hadi ardhini. Yakibaki sentimita 10, wahamishe. Na wape vichaka. Mbuzi kwa asili ni mlaji wa majani ya miti, na kinga yake dhidi ya minyoo ni dhaifu kuliko ya kondoo kwa sababu hiyo: ukimlazimisha kula nyasi fupi siku nzima unamweka mahali ambapo mwili wake haukujiandaa. Juu ya sentimita 30 mabuu ni wachache mno. Ng'ombe wakipita kwenye malisho hayo baada ya mbuzi husaidia pia, maana wanameza mabuu wa mbuzi na wengi wao hawakui ndani ya ng'ombe. Kondoo hawasaidii, minyoo wao na wa mbuzi ni walewale.

Na jambo moja ambalo limefundishwa kinyume kwa miaka mingi: usinyweshe kundi zima kisha ukalipeleka siku hiyohiyo kwenye malisho safi. Minyoo watakaoyapanda malisho hayo kwa mayai ni wale sugu peke yao.

Hatua ya 7: Lisha kwa ajili ya kinga

Kinga inajengwa kwa protini. Jike anayekaribia kuzaa hupunguza kinga yake, na kuanzia wiki 2 hivi kabla ya kuzaa hadi wiki 6 au 8 baadaye mayai kwenye kinyesi chake huongezeka sana, wakati uleule kitoto chake kinaanza kuonja majani palepale. Mwongezee mashudu, majani ya mikunde au chakula kingine chenye protini katika kipindi hicho, hasa mwenye mapacha, na umkague mara nyingi zaidi. Vitoto na waliotoka kuachishwa kunyonya wapewe malisho yaliyopumzika kuliko yote uliyonayo, kwa kuwa hawana kinga bado.

Chakula na maji viwekwe kwenye vyombo vilivyoinuliwa, ambavyo mbuzi hawezi kuvikanyaga wala kuvinyea. Sakafu ya mbao zenye nafasi, iliyoinuka, inadondosha kinyesi chini mbali na midomo yao. Samadi ichomwe na joto lake yenyewe kwenye lundo kabla ya kutawanywa.

Hatua ya 8: Mgeni asiingie moja kwa moja

Mbuzi aliyenunuliwa anakuja na minyoo wa shamba la watu pamoja na usugu wao. Mtenge, atibiwe kwa dawa za makundi zaidi ya moja kama daktari atakavyoelekeza, na apimwe kinyesi baada ya siku 10 hadi 14. Akiwa safi, mwachie kwenye malisho ambayo mbuzi wako wameshayatumia.

Hatua ya 9: Andika, na utumie ulichoandika

Daftari liwe na namba ya mbuzi, tarehe, ngazi ya jicho, uzito, dawa na dozi. Baada ya msimu mmoja wa mvua majina yatajipanga yenyewe. Kuna mbuzi ambao hawajawahi kuhitaji dawa, na kuna wale waliotibiwa mara 3 au 4. Uwezo huo wa kuhimili minyoo kwa sehemu unarithiwa. Unatofautiana hata kati ya aina: mbuzi wadogo wa Afrika Mashariki na wale wa aina ya Kiko wanasifika kwa uvumilivu, ilhali Boer huathirika upesi.

Uza au chinja wale wa mara 4, baada ya siku za dawa kuisha mwilini. Chagua beberu kutoka kwa mama ambaye ukurasa wake hauna dawa, kwa kuwa beberu mmoja ndiye baba wa karibu vitoto vyote vya mwaka ujao.